Daftari la Vifungo

Dada yangu anashona nguo za wanawake, na wateja wanamwita Fundi Pini kwa sababu ni nadra kumkuta hana pini mdomoni. Anaongea nazo, anacheka nazo, na kuna siku alipiga chafya nazo na hakuna hata moja iliyoanguka. Mimi ni mdogo wake. Kazi yangu ni umaliziaji: pindo, zipu, vifungo, pasi, na kuwaambia wateja waliowahi kufika kwamba gauni limebaki kidogo tu, hata kama bado ni kitambaa kilichokunjwa. Tumekaa chumba kimoja cha kazi miaka kumi na mitatu, katikati ya mchonga funguo na mama wa fotokopi. Katika miaka yote hiyo sijamsikia dada akitaja kipimo cha mtu kwa sauti.

Hilo lina chanzo chake. Alipokuwa na miaka kumi na minne alipelekwa kwa fundi kupimwa sare ya shule. Fundi yule alikuwa na sauti ya mnadani, na kawaida yake ilikuwa kupima huku akimpigia kelele msaidizi wake aliyekuwa akiandika kule mlangoni. Kifua hivi, kiuno hivi, nyonga hivi. Mlangoni walikuwa wamekaa wavulana wawili wa darasani kwake. Kesho yake shuleni akaitwa kwa namba, ile namba ya kifua, na aliitwa hivyo mpaka anamaliza shule. Mpaka leo akisimulia mishipa ya shingo inamtoka. "Yule mzee alinivua nguo kwa mdomo," ndivyo anavyosema.

Kwa hiyo alipoanza kazi yake mwenyewe aliweka utaratibu wake, na utaratibu huo hauna simile. Pazia la kujaribia nguo ni zito, si lile la kuonyesha kivuli. Anapima kimya, anaandika mwenyewe. Na daftari lake halina jina la mtu hata mmoja. Kwenye kona ya kila ukurasa ameshona kifungo cha nguo, na hakuna vifungo viwili vinavyofanana humo ndani. Kifungo pacha anapewa mteja. Ukija tena unaonyesha kifungo chako, tunatafuta ukurasa wenye mwenzake, basi. Hata daftari likiibiwa, mwizi ataondoka na vifungo na tarakimu. Mchonga funguo anasema dada yangu angefaa kuwa jasusi, na dada anamjibu kwamba yeye angefaa kufunga mdomo.

Wateja waliupenda mchezo huo. Wengine walivitia vifungo vyao kwenye pochi, wengine kwenye mkanda wa saa, wengi kwenye funguo za nyumba. Hapo ndipo tulipokosea sote, na hakuna aliyeng'amua. Kitu ulichokining'iniza kwenye funguo kinaonwa na kila anayeziona funguo zako.

Sasa mwalimu. Anafundisha watoto wa darasa la pili, na kifungo chake kilikuwa kikubwa, cha kijani, chenye ufa katikati. Miaka miwili iliyopita alifanyiwa upasuaji akaondolewa titi la kushoto. Shuleni alisema anakwenda kumwuguza mama yake. Waliojua ukweli ni mama yake, madaktari, dada yangu na mimi. Aliporudi kwetu mara ya kwanza baada ya upasuaji alisimama nyuma ya pazia muda mrefu bila kuvua. Dada akangoja. Kisha akampima, akaandika, akasema neno moja tu: "Mwalimu, bega lako la kulia linashuka. Tutalisawazisha."

Akatengeneza mfuko mdogo ndani ya bitana, upande wa kushoto, akaujaza pamba na mtama mkavu ili uwe na uzito. Alikuwa akiongeza mtama kijiko kwa kijiko na kurudi nyuma kutazama mabega, kama mtu anayening'iniza picha ukutani. Yalipokaa sawa, mwalimu alijitazama kwenye kioo akacheka kicheko ambacho sijakisahau. Alisema, "Sasa naweza kuwapa watoto kisogo na kuwageukia tena bila kujishika." Toka siku ile kila gauni lake lina mfuko. Hakutaka kingine chochote duniani isipokuwa kusimama mbele ya watoto arobaini nao watazame ubao.

Haya yake nayaandika kwa ruhusa yake. Nilimwomba, akanijibu baada ya siku tisa, na akaniwekea sharti moja.

Nimfikie binti wa simu, ingawa nikimfikia damu inanichemka. Naye alikuwa mteja wetu, ana kifungo chake na ukurasa wake. Ana wafuasi maelfu mtandaoni, na kazi yake, kama yeye mwenyewe anavyoiita, ni kuwainua kina mama wanaojituma. Sijui nani alimwambia tumelala chini. Anaingia kwenye kibanda cha mtu simu ikiwa juu, anazungusha, anasema maneno matamu, anatoka. Mwenye kibanda anabaki kushukuru.

Siku hiyo ilikuwa alasiri. Dada alikuwa nyuma ya pazia na mteja, amepiga magoti, kichwa chote kimezama kwenye pindo la gauni la harusi. Mimi nilikuwa mezani na gauni jipya la mwalimu, la njano lenye ndege weusi. Nilikuwa nimeligeuza ndani nje ili nishone ule mfuko, na pembeni yangu daftari liko wazi kwenye ukurasa wa kifungo cha kijani, kwa kuwa nilikuwa nasoma maelezo ya dada. Yalisema: kushoto, mfuko, mtama vijiko vitatu, asiumie kovu.

Binti akaingia, simu mbele. "Shangazi, napiga video kidogo tu, nataka niwainue. Naruhusiwa?"

Nilikuwa na muda wa kusema ngoja. Nilikuwa na muda wa kufunga daftari, wa kutupia kitambaa juu ya gauni, wa kumwita dada. Badala yake nilipeleka mkono kichwani nikakiweka sawa kilemba changu.

"Piga tu," nikasema.

Sekunde arobaini. Nimeitazama hiyo video mara nyingi kuliko nilivyojitazama kwenye kioo mwaka huu. Unaona rafu za nyuzi, unaona mashine, unaniona mimi nikichekelea kama niliyetajwa kwenye bahati nasibu. Kisha meza, gauni, mfuko wenye pini, daftari, kifungo. Simu haikusimama hapo, ilipita tu. Ningeweza kumtetea binti kwa hilo kama angeishia hapo. Hakuishia. Alikwenda kwake, akaisimamisha video, akasoma maandishi ya dada yangu, akaelewa vizuri kabisa alichokisoma, na ndipo akaiweka mtandaoni na maneno yake juu: "Fundi huyu anawashonea hata dada zetu waliopoteza titi. Nimelia." Amelia yeye.

Mpaka kesho yake mchana kazi ilikuwa imekamilika. Mzazi mmoja aliandika, "Hicho kifungo mbona kama cha kwenye funguo za mwalimu wa mwanangu?" Mwingine akachimba picha ya siku ya michezo shuleni, mwalimu amesimama uwanjani, funguo kiunoni, na kile kifungo kimezungushiwa duara jekundu. Wa tatu akakumbusha kwamba mwalimu aliwahi kuwa likizo ndefu, eti anamwuguza mama. Watu wazima, wenye watoto na kazi zao, walikaa kitako wakilinganisha vifungo. Kisha, walipomaliza kumvua, wakaanza kumwombea.

Mama wa fotokopi ndiye aliyetuletea, mbio, simu mkononi, uso umejaa furaha. "Jamani, mmeona mlivyokuwa maarufu?"

Dada aliitazama video yote. Kisha akatoa pini mdomoni moja moja akazichomeka kwenye kimto chake, na mimi ninayemjua nikajua hali si hali.

"Huyu aliingia lini humu?"

"Jana, ulipokuwa ndani na bibi harusi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Hukumwona akipiga?"

"Nilikuwa nakata uzi," nikasema. Ni kweli nilikuwa nakata uzi. Nimejaribu kujiridhisha kwa ukweli huo na haujanisaidia.

Dada akampigia simu binti, akamwambia aje. Kesho yake asubuhi akaja, na naomba unielewe ninapokwambia kwamba aliingia akirekodi. Tena mubashara. Hata kumsalimia dada alimsalimia huku akijitazama kwenye skrini.

"Shikamoo mama. Wapendwa, huyu ndiye yule fundi wetu mliyekuwa mnamuulizia."

Dada hakuitikia ile shikamoo. Katika maisha yangu yote sijamwona dada akiiacha shikamoo ya mtu hewani.

"Zima simu."

"Mama, tuko mubashara, watu wanatuona."

"Ndiyo maana nakwambia zima."

Binti akaishusha kidogo, hadi kifuani, lakini taa yake nyekundu ikabaki inawaka. "Mama, mbona umekasirika? Watu wote wanamsifu. Soma maoni uone. Wanamwombea."

"Aliwaomba?"

"Hapana, lakini ni jambo la kutia moyo. Kuna wengine wenye hali kama yake wanamwona wanapata nguvu. Ni jasiri sana yule mwalimu."

"Ulimwuliza kama anataka kuwapa watu nguvu?"

"Mimi hata simfahamu."

"Humfahamu," dada akasema. Alikuwa amekwenda kusimama upande wa pili wa meza, mikono yote miwili juu ya daftari. "Humfahamu, na umemvua. Mimi namfahamu miaka sita, na sijawahi kumtajia namba yake hata yeye mwenyewe. Ifute."

"Nikifuta watu watasema nimetishwa."

"Waache waseme."

"Halafu mama, mimi sikuiba. Niliomba ruhusa na nikapewa."

"Muongo," dada akasema papo hapo. "Humu ndani hakuna mtu anayeweza kukupa ruhusa hiyo."

Binti alinigeukia. Mimi nilikuwa nashona pindo, na pindo lile lilikuwa limeshashonwa. Nilipitisha sindano juu ya mshono uliokwisha, mara ya pili na ya tatu, na sikuinua uso.

Dada akafungua daftari. Akafunua kurasa mpaka akafika kwenye ukurasa wa binti mwenyewe, na nikaona rangi ikimtoka binti usoni. Kilichoandikwa kwenye ukurasa ule sitakisema hata hapa. Elewa tu kwamba kilikuwepo, na kwamba binti alikuwa na sababu yake ya kushonewa na fundi asiyetaja mambo. Maelfu walikuwa wakitazama. Ingetosha sentensi moja ya maneno matano. Nakiri ulimi uliniwasha. Nilitamani dada aiseme, nilitamani niiseme mimi, aumwe pale pale alipouma wenzake, aone maombi yanavyonoga.

Dada aliufunika ukurasa kwa kiganja ili simu isiuone. Akauchana polepole toka kwenye mshono wa daftari, akaukunja mara nne, kifungo kikiwa ndani, akampa.

"Huu ni wako. Sijamsomea mtu, na sitamsomea mtu. Tafuta fundi mwingine."

Binti akaupokea. Akaitazama ile karatasi, akamtazama dada, akaitazama simu yake kana kwamba imewekwa pale na mtu mwingine. Nadhani ndipo alipoelewa dada alikuwa ameshika nini na amekiachia nini. Akazima. Akaifuta ile video palepale amesimama. Haikusaidia kitu, maana ilikwisha nakiliwa huko na huko. Mchonga funguo alikuwa nayo kwenye simu yake. Nilikwenda nikamsimamia mpaka akaifuta, na akalalamika kwamba namwonea kwa sababu yeye aliihifadhi tu kwa ajili ya dua.

Mlangoni binti alisimama akanitazama tena. Angeweza kuninyooshea kidole. Hakufanya hivyo. Alifunga mdomo akaenda zake, na mimi, niliyekuwa nikimtukana moyoni tangu jana yake, nikabaki nadaiwa naye hisani.

Mwalimu alikuja Ijumaa baada ya masomo. Funguo hazikuwa kiunoni. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaweka mkoba mapajani, akatueleza bila kulia. Wazazi wamemletea kapu la matunda. Mwalimu mkuu amemtaka azungumze mbele ya shule nzima kuhusu ujasiri. Kwenye chumba cha walimu watu wanahama viti wamwachie kile chenye mto. Na siku iliyotangulia, akiwa anaandika tarehe ubaoni, mtoto mmoja wa mbele alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, ni lipi?"

"Nikageuka," mwalimu akasema. "Watoto arobaini. Hakuna aliyekuwa anatazama ubao."

Dada alikuwa amesimama. "Mwalimu, sijui nikuambie nini."

"Wananiita jasiri. Mimi sikuomba niwe jasiri. Niliomba nifundishe." Akausogeza mkoba mapajani. "Ninataka kujua jambo moja tu. Yule binti aliiba au aliruhusiwa?"

"Aliiba, mwalimu. Naapa kwa kazi yangu."

Dada alikuwa ameapa. Kwa kazi yake, ile aliyoijenga kwa miaka yote hii bila kutaja namba moja. Kama ningemwacha aondoke na kiapo hicho, ningekuwa nimemtoa sadaka na yeye.

"Aliruhusiwa," nikasema. "Na mimi. Nilimwambia piga tu."

Nilisikia mashine ya fotokopi ya jirani ikivuta karatasi. Dada hakunigeukia, alibaki anatazama pazia.

"Kwa nini?" mwalimu akauliza. Aliuliza kwa sauti ile ile ambayo bila shaka anawauliza watoto, ya mtu anayetaka kweli kujua.

"Nilitaka kuonekana."

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza akalivuta lile gauni la njano, lilikuwa limekwisha, limepigwa pasi. Akapapasa ndani mpaka akaupata mfuko.

"Utoe huu."

"Mwalimu," dada akasema, "ngoja kwanza, hasira zikupungue."

"Nikiuvaa watazidi kunikodolea, watafute ni lipi la kweli. Utoeni. Na autoe yeye."

Akaninyooshea mimi gauni. Nilichukua wembe. Mshono ule niliupiga mwenyewe, mara mbili, kwa uzi mzito, ili udumu. Niliufumua tundu kwa tundu na mwalimu akinitazama mikono, na kuna mahali nilivuta vibaya mfuko ukapasuka, mtama ukamwagika mezani, ukadunda, ukaenda chini ya mashine. Nikapiga magoti kuokota. "Acha," akasema.

Alilivaa nyuma ya pazia. Alipotoka bega la kulia lilikuwa limeshuka na kitambaa cha kushoto kimelegea, kinaning'inia. Dada alichukua chaki na pini, akapiga magoti mbele yake, akaanza kukipunguza upande ule mpaka kikamkaa. Alipima kimya kama siku zote. Hakuandika popote.

Mwalimu aliondoka na gauni lake mwilini. Kifungo cha kijani alikiacha juu ya meza.

Miezi imepita. Anafundisha bado. Kwetu hajarudi, na simlaumu. Nilipompelekea ujumbe kumwomba ruhusa ya kuandika haya, sharti lake lilikuwa hili: ukiandika ya yule binti, andika na ya kwako, usipunguze. Sikupunguza.

Dada hajanigombeza mpaka leo. Ningefurahi angenigombeza. Siku ile jioni, kabla hatujafunga, alikichukua kile kifungo akakifunga kwa uzi kwenye mpini wa mkasi wangu, mafundo mawili, kisha akarudisha pini zake mdomoni. Kila ninapokata kitambaa, kifungo kinanigonga kidole. Sijakitoa.